Dinosa wa Shingo Ndefu

Leo pale njia panda ya Sonatubes mtu alichoma plastiki, na ile harufu ikanirudisha kwetu, mtaa wa Kabeza, siku mimi na mdogo wangu tulipofinyanga dinosa.

Tantine, shangazi yetu, alituletea udongo wa plastiki, ule unaookwa kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka uwe mgumu. Dinosa wangu alitoka kama mbuzi mgonjwa. Wa mdogo wangu alikuwa na shingo ndefu, na magamba aliyoyachora moja moja kwa sindano. Tantine alimshika huyo tu, akacheka kwa furaha.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, na mdogo wangu alikuwa bado hajui kusoma.

"Dada, inasema nini?"

"Inasema weka juu ya makaa. Moto ukiwa mkali ndiyo vizuri."

Akamlaza kwenye imbabura, jiko letu la makaa, juu ya makaa mekundu, polepole kama anayelaza mtoto. Shingo ikainama, ikawa nyeusi, moshi ukatutoa machozi.

"Dada, nimekosea wapi?"

"Umeweka vibaya. Wewe hujui kitu!"

Akaniomba msamaha. Wangu nilimpeleka kwa tantine, akamwoka kwenye oveni. Mpaka leo yuko juu ya kabati la mdogo wangu, anawaonyesha wageni: "Hii alitengeneza dada."