Binti Niliyemfufua Kila Alhamisi

Maktaba ya mji wetu wa Tukuyu ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dari linalovuja, na mimi nilipita mlangoni pake miaka yote nikiwa na ndizi kichwani bila kupata sababu ya kuingia. Vitabu ni vya wenye shule. Mimi niliishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu, na hilo sioni aibu kulisema. Nimelima na nimesomesha. Binti yangu alikuwa mtu wa kwanza kutoka kitongoji chetu cha Kawetele kuwa mwalimu. Wanaume walionicheka nilipouza ng'ombe ili aende chuo, hao hao baadaye walipanga foleni kwangu likizo ikifika, awaandikie barua.

Kisha alirudi kutoka Chunya alikopangiwa kazi, akiwa na begi moja na mtoto wa miaka mitatu, mwenyewe mwepesi kama kapu tupu. Nilimuuguza miezi mitano. Tulipomzika tulisema kifua. Kila mtu aliyesimama pale kaburini alijua si kifua, na kila mtu alisema kifua.

Baada ya msiba nilikaa ndani na mjukuu wangu. Shamba likaota majani, watu wakapita njiani wakinisalimia kupitia mlangoni. Aliyenitoa ni mwenzangu mmoja wa Kyimo, mwanamke tuliyebatizwa naye siku moja, mwenye mdomo mkali kuliko panga. Huyo ndiye aliyemwosha mwanangu kwa mikono yake, kwa sababu mimi mikono ilinikatalia.

"Gwe, wewe, utaoza humo ndani," aliniambia. "Twende mjini. Maktaba wana mashine ya kuongea na watu wa mbali."

"Niongee nao nini?"

"Uwatukanie ndizi zao. Hilo unaliweza."

Ulikuwa wakati ule simu za mkononi zimeanza kulia makanisani katikati ya mahubiri, mitumba imejaa mpaka barazani, na kila mwenye chumba cha mbele amekigeuza duka. Maktaba nayo ilipata kompyuta tatu. Dada wa maktaba alikuwa mgeni, mtu wa Tanga, anavaa sweta mbili na bado anatetemeka, anaulizia kila siku kama kwetu jua huwa linakuja. Alibandika karatasi mlangoni: mazungumzo ya mtandao kwa akina mama na wazee, kila Alhamisi saa nane mchana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Maktaba yetu ilipatana na maktaba nyingine ndogo huko upande wa Bukoba, kwa watu wanaokula ndizi kama sisi. Kila mmoja wetu alipewa mtu wake wa kule. Sisi tulikuwa tisa. Unakaa kwenye kiti karibu na dada, unasema maneno yako, yeye anayachapa, halafu mashine inalia kama paka wanaogombana juu ya bati, na maneno yameenda. Alhamisi inayofuata majibu yanakuwa yamefika. Na kwa kuwa wengi wetu kusoma kulikuwa kwa kukwamakwama, kila barua ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, inayotoka na inayoingia. Dada alisema hiyo ndiyo faida yake, kila mtu ajifunze kwa mwenzake.

Mtu wangu wa kule alikuwa mama wa rika langu. Sura yake sijawahi kuiona. Wiki ya kwanza tulitukaniana ndizi, kama alivyotabiri mwenzangu wa Kyimo. Aliniambia sisi wa huku tunapika ndizi kama tumezikasirikia. Nikamjibu kwamba wao wanaziponda kwa sababu hawana meno. Chumba kizima kilicheka, na mimi nilishtuka kusikia nami nimo ndani ya kicheko hicho.

Wiki ya pili dada akasema, "Leo tuwaeleze wenzetu habari za watoto wetu."

Barua ya mwenzangu wa kule ikasomwa kwanza. Alikuwa na binti mmoja tu, kama mimi. Yuko Mwanza, ana kazi ya kushona, ana cherehani mbili na mfanyakazi. Akamalizia: na wewe mama wa Tukuyu, wako yuko wapi?

Nilikaa kwenye kile kiti. Mwanangu alikuwa na miezi minne ardhini. Nikasema, "Wangu ni mwalimu. Yuko Chunya. Anakuja Krismasi."

Vidole vya dada vilichapa neno la kwanza, kisha vikasimama, si kwa sababu alijua, ila kwa sababu wenzangu wanane walikuwa wamenyamaza ghafla, na ukimya ule hata mgeni aliusikia. Aligeuka akawatazama. Hawa ni wanawake walioleta mikungu ya ndizi kwenye msiba wangu, waliolala kwangu sakafuni siku nne. Yeyote angeweza kufungua mdomo.

Mwenzangu wa Kyimo akakohoa. "Andika, dada," akasema. "Mama si amesema?"

Dada akaandika.

Siwezi kueleza vizuri nilivyotembea kurudi nyumbani siku ile. Mvua ilininyeshea toka Makandana mpaka kwangu na sikutafuta pa kujikinga. Kule Bukoba kulikuwa na mtu ambaye kwake mwanangu alikuwa hai, anashika chaki, anapika chai asubuhi. Mahali pamoja tu duniani, na nilikuwa nimepajenga mimi kwa maneno mawili matatu.

Basi nikaendelea. Krismasi ikafika nikasema amekuja, ameniletea kitenge cha rangi ya udongo. Pasaka nikasema amefanywa mwalimu mkuu msaidizi. Nilimpa mchumba, nikamvunjia uchumba kwa sababu mwanaume alikuwa mlevi, na wenzangu wakatikisa vichwa kumlaani yule mlevi ambaye hakuwepo. Mwenzangu wa kule alifurahi kila mara. Aliandika, "Mwambie shikamoo yangu inamngoja." Hapo alikosea, na dada akacheka akasema mkubwa hamwamkii mdogo, ila mimi nilielewa. Alikuwa anataka tu kumpa kitu mwanangu.

Lakini habari za binti yake mwenyewe zilipungua. Mwanzoni alimtaja kila barua. Baadaye nikimuuliza, anajibu yupo, hajambo, halafu anarukia mvua. Nikadhani ni wivu. Niseme kweli, nilifurahi. Nilijiambia mwalimu amezishinda cherehani.

Siku moja tukiwa njiani, mwenzangu wa Kyimo akaniambia, "Huyo mwanao sasa ameshapandishwa cheo mara mbili. Huko aliko wanapandisha vyeo haraka kuliko serikali."

Nilisimama barabarani. "Unasemaje?"

"Nasema nimemwosha mimi. Nakunyamazia mwaka wa pili sasa. Nitakunyamazia mpaka lini?"

"Mpaka nikikwambia."

"Haya, bibi mkubwa. Ndaga." Akanishukuru hivyo kwa Kinyakyusa chetu, kwa ile sauti ya kumshukuru mtu aliyekutemea mate, akapita mbele na gamubuti zake zikifyonza tope. Hatukusemeshana wiki mbili.

Naye alikuwa na lake. Kijana wake mkubwa alikuwa na ugonjwa huohuo uliomchukua mwanangu. Alishapelekwa hospitali kwa baiskeli, kafungwa kwa kanga asianguke. Lakini mwaka ule vidonge vilikuwa vimeanza kutolewa. Akavimeza, na baada ya miezi kadhaa nilimwona kwa macho yangu anapalilia chai. Mama yake alininong'oneza habari hiyo njiani, hakuisema kamwe ndani ya maktaba. Mimi niliisikia kama mtu aliyepigwa kofi. Vidonge vilikuja mwanangu akiwa ameshaenda. Nilirudi nyumbani nikalima mpaka mikono ikachubuka, na Alhamisi nikakaa kwenye kiti nikamwandikia mwenzangu wa kule kwamba mwanangu anafikiria kununua pikipiki.

Halafu mwenzangu wa kule akanyamaza. Alhamisi ya kwanza dada alisema labda laini ya simu ni mbovu. Ya pili alisema labda amesafiri. Ya tano barua ikaja.

Dada aliisoma kama alivyozoea, kwa sauti, na alikuwa ameshafika katikati kabla hajaelewa anachosoma. Mwenzangu aliandika kwamba amemzika binti yake. Kwamba alirudi kutoka Mwanza zamani, mwaka na nusu uliopita, akiwa mgonjwa. Kwamba alimweka chumba cha nyuma na majirani akawaambia bado yuko mjini. "Nawe sikukwambia," dada akasoma. "Kila wiki nasikia wako anapanda, ningekuja na wangu anayeoza? Niliona utanidharau. Usiache kunipa habari zake. Wako na aishi."

Dada alilia. Alikuwa binti mdogo tu, mbali na mama yake. Akajifuta na mkono wa sweta, akanigeukia, masikini, kwa moyo safi kabisa. "Mama, wewe Mungu amekuachia wako. Mpe mwenzio neno la faraja."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Nilimtazama mwenzangu wa Kyimo. Alikuwa anatazama magoti yake.

"Andika," nikasema. "Mwanangu amekufa."

"Mama?"

"Andika nilivyosema. Amekufa kabla sijakufahamu. Hakuja Krismasi. Kitenge sina. Cheo hakupata. Alikufa kwa ukimwi, kwenye kitanda changu, na mimi nilikuwa nakudanganya kwa sababu kwako wewe tu alikuwa mzima."

Neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya chumba kile. Dada alichapa polepole, herufi moja moja. Aliponisomea sikubadilisha kitu. Mashine ikalia, ikaenda. Mmoja wa wenzangu akasema chini chini, "Pole, mama," kana kwamba msiba ulikuwa jana. Kwao labda ulikuwa jana. Niliwanyima kunipa pole muda wote ule.

Alhamisi iliyofuata nilifika mapema, sikuwa nimekula. Jibu lilikuwepo, fupi mno. Dada alinisomea mimi peke yangu, alivunja sheria yake mwenyewe.

"Alikufa mwezi gani?"

Nikasema mwezi. Ikaenda. Tukangoja wiki nyingine, na jibu likarudi, fupi kama la kwanza.

"Basi wangu alikuwa bado anatembea."

Hapo ndipo nilipohesabu pamoja naye. Mwanangu alikufa, mashine ikaja, tukatukaniana ndizi. Binti yake wakati huo alikuwa Mwanza kwenye cherehani zake. Alipoanza kukohoa, mimi nilikuwa nagawa vyeo. Akiwa bado amefungiwa chumba cha nyuma, mimi nilimwona kijana wa Kyimo akipalilia chai. Kwao nako vidonge vilikuwepo, nilikuja kusikia baadaye, lakini kitu kilicho hospitali hakimfikii mtu ambaye mama yake anasema yuko mjini. Angenisikia mimi. Mimi nilikuwa rafiki yake. Ningesema wangu alikufa kwa hiki, na hiki sasa kina dawa, mpeleke. Maneno hayo si mengi hata kwa mtu wa darasa la nne.

"Nijibu nini, mama?" dada akauliza.

Niliondoka.

Mwenzangu wa Kyimo alinikuta kwenye kona ya barabara ya lami, nimekaa juu ya jiwe. Alisimama mbele yangu, na safari hii mdomo wake haukuwa na panga.

"Nami ningeweza kusema," alisema. "Mwanangu anakula vidonge kila asubuhi na kule nimemwandikia mwenzangu habari za kuku."

"Wewe yako ni yako."

"Ni yetu, gwe. Usijitwalie yote, hata dhambi unataka iwe yako peke yako."

Sijui kama alikuwa anatania. Alinivuta mkono nikasimama.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikamwambia dada aandike ndefu. Sikuomba msamaha, niliona kumwomba ni kumpa kazi nyingine mtu ambaye tayari amechoka. Nilimweleza mwanangu alivyougua, toka kikohozi cha kwanza mpaka mwisho, na alivyoomba maji ya baridi, na kwamba sikulia siku ya kuzika ili watu wa Kawetele wasione nimevunjika. Nikamwambia habari za vidonge, jinsi vinavyomezwa, jinsi mtu anavyozidiwa kwanza halafu anainuka. Mwenzangu wa Kyimo akavuta kiti chake karibu, akaongeza ya kijana wake, kwa sauti, wote wakisikia. Tukasema kama kuna mwingine ndani ya nyumba hiyo, yeyote, amtoe nje ampeleke leo.

Jibu halikutoka kwake. Lilitoka kwa mkutubi wa kule. Aliandika kwamba mama alikuja, akaomba asomewe barua ile mara mbili, akaomba itolewe kwenye karatasi, akaikunja akaiweka kifuani. Tangu siku hiyo hajaonekana tena maktaba.

Dada wa maktaba aliuliza mara kadhaa baadaye, mpaka alipohamishwa na Alhamisi zetu zikaishia hapo. Hakuna aliyejua. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na mwingine ndani ya nyumba ile, na kwamba karatasi ilimfikia. Sijui. Najua tu kwamba aliomba karatasi, na mtu asiyesoma haombi karatasi kwa ajili yake mwenyewe.