Njahi ya Mtu Ambaye Hakujifungua

Karatasi niliyopewa kwenye hospitali ya misheni kule Plateau, nje ya mji wa Eldoret, ilikuwa na mistari minne. Usisukutue kinywa leo. Usivute sigara. Usinyonye kitu chochote. Kula vyakula laini mpaka uvimbe uishe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijawahi kushika sigara, na magego yangu mawili ya mwisho ya chini, yale yanayochelewa kuota na yakiota yanakuja kwa vita, yalikuwa mfukoni mwangu ndani ya kiberiti. Daktari alitaka kuyatupa. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba ni yangu na ninakwenda nayo.

Niliyataka kwa sababu ya nyanya yangu. Tuliishi wawili, mimi na yeye, katika chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi huko Langas. Nyanya alizaliwa upande wa ziwa, na alipokuwa msichana aling'olewa meno sita ya chini, kama walivyofanyiwa wote wa rika lake. Asiye na pengo alihesabiwa mtoto. Hapakuwa na ganzi, na kulia ilikuwa aibu kwa ukoo mzima. Nilipokuwa shule ya msingi niliona haya kutembea naye mjini Eldoret, maana wenzangu walimchungulia mdomo akicheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka. Nilijua hata wakati ule kwamba mwenye kosa ni mimi, lakini niliendelea kutembea hatua tatu mbele yake.

Siku ile alifungua kiberiti, akamwaga magego kiganjani, akayageuza kama anayechagua mbegu za mahindi.

"Mawili tu," alisema. "Na ulidungwa sindano."

Nilitaka kumjibu lakini taya lilikuwa limekaza. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, basi. Nyanya akayarudisha magego kwenye kiberiti na kuniambia niyahifadhi. Meno huzikwa kidonda kikishafunga, si kabla, na atakayeyazika ni yeye.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na mtihani.

Nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo, idara ya kufunga vitambaa. Kazi ya kusimama kutwa, vumbi la pamba likiingia kifuani hadi usiku unakohoa nyuzi. Mama aliyekuwa akikaa kwenye swichibodi, akiunganisha simu za kiwanda, alikuwa amehamia Nairobi kumfuata mumewe, na wasichana wenye kidato cha nne tuliambiwa tujaribu bahati. Ungeitwa ofisini, ushike simu, usikike. Swichibodi ilikuwa na chumba chake, dirisha lake na kiti chenye mto. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Gego lilikuwa limenitesa mwezi mzima na daktari alisema nikiwahi, uvimbe utakuwa umepungua kabla ya siku hiyo. Nikaomba ruhusa ya wiki moja. Kwenye fomu niliandika neno moja tu, matibabu. Nilidhani linatosha.

Chakula kilikuwa uji wa wimbi, uliopoa kabisa, mwembamba, bila sukari. Nyanya alinilisha kwa kijiko cha chai akikipitisha pembeni, na kila mara kiligonga meno ya mbele.

"Sisi tungekulisha kupitia hapa," alisema, akinionyesha pengo lake. "Kazi yake ilikuwa hii. Mtu akifungwa mdomo na ugonjwa, haachwi afe njaa. Lakini wewe umejengewa ukuta."

Aliponda viazi kwa maziwa. Aliponda maboga, ndizi mbivu na parachichi. Alichemsha samaki hadi akasahau kuwa samaki, akachuja supu mara mbili kwa kitambaa kwa kuogopa miiba. Mimi ni mtu wa ugali. Kwetu ukila vitu vyote hivyo bila ugali unaulizwa kama umekula. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa na njaa ya kutaka kutafuna mlango.

Ndipo nilipofanya ujinga. Nilijifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini, nikaenda dukani mbele ya ploti, nikanunua maziwa ya pakiti, zile za pembe tatu. Mtu yeyote aliyekulia mji huu miaka ile anajua maziwa yale yalivyonywewa: unang'ata pembe moja, unanyonya mpaka pakiti inajikunja. Sikuweza kung'ata, nikakata kwa wembe. Kunyonya niliweza. Nilinyonya pakiti nzima nikiwa nimesimama, nikifurahia kama mtoto wa darasa la kwanza, na asubuhi ya Alhamisi shavu la kushoto liliamka na moto ambao hata daktari hakuwa ameuwasha. Donge la damu lililokuwa limeziba shimo lilikuwa limetoka.

"Ile karatasi ilisema nini?" nyanya aliuliza. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amenifanya nimsomee kwa shida Jumanne jioni, na aliikumbuka kuliko mimi. Nilimwonyesha mstari wa tatu kwa kidole. Alinichemshia maji ya chumvi na hakunisema zaidi, jambo lililoniuma kuliko kusemwa.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Mkoa wa Kati, mjane, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Aliniona nikinunua maziwa nimejifunga leso, na Alhamisi mchana aligonga mlango akiwa na sufuria iliyofunikwa.

"Mtu amemwaga damu, na mnampea uji tu?" alimwambia nyanya. "Hii ni njahi. Nimeponda mpaka imekuwa laini, haina kitu ya kutafuna."

Njahi ni zile kunde nyeusi zenye ukingo mweupe, na kwao hupikiwa mwanamke aliyejifungua, arudishe damu na apate maziwa. Alikuwa ameziponda pamoja na ndizi mbivu na viazi, laini kabisa, nzito, tamu kidogo. Lilikuwa tonge la kwanza kukaa tumboni tangu Jumanne, na nilitokwa na machozi bila kuona aibu. Nilimsogezea nyanya kijiko aonje. Alikataa.

"Hiyo ya wazazi," alisema. "Mimi nilimaliza kuzaa zamani."

Mama wa duka alileta tena Ijumaa, na Jumamosi. Nilipopata nguvu, nyanya alianza kunifanyisha mazoezi. Alishika mwiko sikioni, akajifanya tajiri mwenye kiwanda cha Mombasa, na kila kijiko cha njahi nilikipata kwa kusema sentensi moja: "Kiwanda cha nguo, habari ya asubuhi, nikuunganishe na nani?" Nikimeza maneno, kijiko kilirudi kwenye sahani. Alinifundisha kuyasukuma kwa ulimi badala ya taya, pole pole, moja moja. Yeye mwenyewe alikuwa amezungumza miaka zaidi ya hamsini bila meno ya mbele ya chini, na hakuna aliyewahi kumwomba arudie.

Jumamosi jioni nyanya alirudi kutoka mferejini na ndoo nusu. Mwanamke wa chumba cha tano alikuwa amemuuliza, mbele ya wengine, mtoto ni wa kike ama wa kiume.

Miaka ile ya chama kimoja watu wetu walijua kufunga mdomo juu ya mambo makubwa, na nadhani ndiyo sababu waliufungua sana juu ya mambo ya jirani. Ploti ilikuwa imehesabu vizuri. Msichana asiye na mume ameenda hospitali ya misheni na mkoba. Amerudi amejifunga leso, hatoki nje, ana ruhusa ya wiki nzima. Anapikiwa uji wa wimbi, na sasa mama wa duka anampelekea njahi kila siku, na njahi haipelekewi mtu bure. Ushahidi wote ulikuwa kwenye sufuria. Kwa kuwa hakuna aliyesikia mtoto akilia, swali lililofuata lilikuwa baya zaidi.

Mama wa duka alikuja Jumapili baada ya kanisa. Hakuketi.

"Ni mimi nimekuharibia jina," alisema. "Sikufikiria. Sitaleta tena." Akachukua sufuria yake tupu na kuondoka. Nilishindwa kumwita, si kwa sababu ya taya. Nilikuwa na hasira, na nilijua kilichokuwa kinakuja. Mwanamke wa chumba cha tano alikuwa shemeji wa supavaiza wetu. Kiwandani msichana asiyeolewa akionekana na mimba alipewa malipo ya siku zake na kuambiwa aende nyumbani. Aliyejifungua halafu mtoto asionekane, huyo hata polisi wangeweza kuitiwa.

Jumatatu niliamka na shavu bado limevimba na mdomo unaofunguka vidole viwili kasoro. Nyanya alinilisha uji, akaniweka kiberiti mkononi.

"Kidonda hakijafunga," nilimwambia.

"Sijasema uzike."

Ofisi ya meneja ilikuwa na meza, viti viwili na picha ya Rais ukutani. Meneja alikaa, supavaiza alisimama. Hawakunipa simu. Supavaiza ndiye aliyeanza.

"Sisi tuko na habari yako. Hatuwezi kuweka hapa msichana ametoka kujifungua juzi, na mtoto haonekani."

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia. Kwa ukoo wetu kulia kwa sababu ya meno ni aibu, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata mimi nilikuwa nimeiamini sheria hiyo miaka yote. Nilitoa kiberiti, nikakifungua, nikamwaga magego juu ya meza ya meneja, juu ya karatasi zake safi. Moja lilibingirika hadi likagonga kidau cha wino.

"Hao hapo," nilisema, neno kwa neno, kwa ulimi. "Ni mapacha. Huyu alitoka kushoto, huyu kulia. Mwenye kutaka kuwabeba, awabebe."

Supavaiza alirudi nyuma. Meneja alinyanyua gego moja kwa ncha ya kalamu, akalitazama mizizi yake iliyopinda, akatazama shavu langu. Nilimwekea na karatasi ya Plateau. Alisoma mistari yote minne.

"Mbona hukusema?"

"Niliandika matibabu, mzee. Hakuna aliyeniuliza ya nini. Wameenda kuuliza kwenye ploti."

Alinirudishia karatasi. Kisha akasema kwamba hata hivyo, kwa uso ule, pengine ningoje nafasi nyingine. Nafasi nyingine ingekuja mwaka gani, nami nimesimama kwenye vumbi?

"Simu haina macho," nilisema.

Nadhani alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Akanielekeza chumba cha pili. Nilikaa kwenye kile kiti chenye mto, na simu ilipolia niliishika kama nyanya alivyoshika mwiko. Nikasema sentensi yangu yote, pole pole, hadi mwisho. Upande wa pili meneja aliuliza mambo matatu kwa haraka, kwa makusudi, akimung'unya maneno. Nikamwomba arudie la pili, nikamjibu yote. Shimo la kushoto lilikuwa linapiga kama ngoma na sikumpa hata pumzi moja ya kuligundua.

"Utaanza mwezi ukianza," alisema kwenye simu, ingawa tulikuwa tumetenganishwa na ukuta tu. Nilirudi mezani kuchukua magego yangu. Supavaiza alinipisha njia.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita dukani.

"Mama, nataka njahi," nilisema.

Alitazama nje, mferejini, walikokuwa wamejaa wanawake. "Si watu wataona?"

"Ndiyo maana nataka."

Alifunga duka lake mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akazichemsha upya zilizobaki jikoni mwake na kuziponda. Mimi nilitoa stuli mbili nje ya mlango wetu, juani, hatua chache kutoka mferejini. Leso niliivua nikaitundika kwenye kamba, uso wote ukawa nje, na uvimbe wake na rangi yake ya bilinganya. Nilianza kula. Mazungumzo ya mferejini yalikatika, na maji yakaendelea kumwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Mwanamke wa chumba cha tano alikuwepo.

Nyanya alitoka ndani akaketi kando yangu. Nilidhani ameleta maji. Alinyoosha mkono akachukua kijiko kutoka kwangu, akakijaza njahi mpaka ikachuruzika, akakiingiza mdomoni moja kwa moja kupitia pengo lake, bila kugusa jino. Akameza. Kisha akaangalia mferejini na kupaza sauti, kila neno likisikika.

"Basi na mimi nimejifungua," alisema. "Njooni mmuone mtoto."