Mchakamchaka wa Baba

Baba alistaafu kazi ya reli akiwa bado ana miguu ya kutamanika. Kazi yake ilikuwa kukagua njia, akitembea juu ya mataruma kutoka Kidete kuelekea Kilosa, nyundo begani, na huko hakukuwa na mtu wa kumsimamisha. Alipostaafu aliketi, na kwa kuketi miguu ikavimba. Haikuchukua muda akawa anahema kwa kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kaka yangu, dereva wa lori kule Mikumi, alikuja akamtazama, kisha akakata shauri: mavuno yakiisha na baba hajapata nafuu, angekuja kumchukua akaishi kwake. Alisema kwa upendo, sikatai. Lakini baba alikwishahamishwa mara moja, tulipoletwa kwenye kijiji cha ujamaa naye akaiacha migomba yake bondeni. Mama tulimzika hapa kijijini. Kwa baba kuhamishwa tena ilikuwa sawa na kung'olewa, na mimi niliyeishi naye niliona jinsi alivyoacha kula siku kaka alipoondoka.

Daktari wa hospitali ya misheni hakumpa dawa nyingi. Alimwambia atembee kila juma, tena haraka, bila kusimama, mpaka jasho limtoke. Baba akachagua Jumatatu iwe siku ya kufungua juma, maana nyota njema huonekana asubuhi.

Tatizo lilikuwa kijiji chenyewe. Zamani nyumba zilitawanyika, jirani ukimwona ni kwa kumfuata. Sasa zilipangwa mstari kando ya barabara, kila mlango unatazama njia, na kila mlangoni kuna mtu. Baba hakuweza kupita nyumba ya mtu bila salamu, na salamu zetu si neno moja. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, watoto je, shamba je, yule mbuzi amezaa? Kisha kinaletwa kigoda, na juu ya kigoda kinafuata kikombe cha uji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, na Jumatatu ile niliingia darasani nikamwacha anasalimia nyumba ya jirani. Nilipotoka kwa mapumziko alikuwa hajalifikia ghala la kijiji. Alirudi nyumbani ameshiba. Baada ya mwezi mkanda wake ulisogea tundu moja, lakini kwa upande usiotakiwa.

Nilimgombeza, na mimi nikigombeza husikika mpaka kisimani. Naye akakasirika.

"Unataka niwapite watu kama mbuzi?"

Mtu mzima asiyesalimia husemwa juma zima, na baba angependa kufa kuliko kusemwa.

Jibu nililipata shuleni. Kila asubuhi watoto wetu walikimbia mchakamchaka kabla ya gwaride, na Jumatatu tuliwapeleka mbali zaidi, hadi mtoni Mkondoa na kurudi. Walio kwenye mchakamchaka hawasalimii mtu. Wanaimba, na wazee wenyewe husimama milangoni wakawapigia makofi. Ni kazi ya kijiji, hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Nilimwomba mwalimu mkuu, akacheka, akakubali. Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema mzee mwenye wajukuu hawezi kukimbia na watoto wa darasa la tatu. Nikamwuliza kama huko Mikumi kuna kaburi la mama. Alininunia siku mbili, na Jumatatu akatokea, kofia kichwani, akasimama nyuma kabisa ya mstari.

Mara ya kwanza alitembea tu, na bado akachomoka mstarini kwenda kumpa mkono mwenyekiti wa kijiji. Nikamfundisha kuimba, kwa sababu kinywa kinachoimba hakisalimii. Sauti yake ilikuwa mbaya, watoto walifurahi mno. Juma kwa juma hatua zake zikafunguka, uvimbe ukashuka, na jioni nikaanza kumwona akipalilia mwenyewe mahindi yake. Nilikuwa na raha siku zile ambayo mshahara wa ualimu haukuwahi kunipa.

Kaka alifika mavuno yalipoisha, asubuhi ya Jumatatu, lori limeandaliwa godoro nyuma. Alituona tunakuja barabarani, watoto mbele, mimi kando, baba nyuma anakimbia taratibu huku anaimba. Kaka akashuka, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, baba."

Baba akampita. Alimpita mwanawe wa kwanza kama mlingoti wa simu, na uso wake haukugeuka. Kaka akabaki ameinama, kisha akaanza kutukimbilia na viatu vyake vya kazini, akiirudia shikamoo yake, akihema, watoto wakimcheka. Mpaka tunalipita ghala alikuwa hajatufikia.

Tulipomaliza, baba alimkuta kaka ameketi juu ya jiwe anajipepea kwa kofia. Akasimama mbele yake, jasho linamtiririka, akamwitikia marahaba, akamwuliza habari za Mikumi, za mkwewe, za wajukuu mmoja mmoja. Hakuruka hata salamu moja. Kaka, machozi yakimlenga, akamwuliza mbona hakusimama alipomwona.

"Mwanangu," baba akamwambia, "ningesimama ungenipakia."