Kiti cha Mama Mkwe

Huko Kikula, mtaa wa Likasi, ukitaja jina la Séraphin watu wanakuuliza: yule wa viti? Ndiye huyo. Viti vya malori vilivyochanika, matandiko ya baiskeli, hata benchi la gari la padri, vyote vilipita mikononi mwake. Alivijaza sufi, akavishonea turubai, na kabla ya kumrudishia mwenyewe alivikalia kwanza yeye, macho kayafumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Pa kuwekea vitu chini ya kiti hakupasahau kamwe. Alisema matako ya mtu na mzigo wake ni ndugu, lazima walale nyumba moja.

Mwaka wa 1961, Katanga ikiwa na bendera yake mpya na malori karibu yote yamechukuliwa na wanajeshi, mkewe Émilienne alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. "Bila mama, minye sitazala," alisema, akaangua kilio. Mama yake, Mama Hortense, alikaa kando ya ziwa Tshangalele. Lori hakuna. Ilikuwapo pikipiki ya Séraphin tu.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawasemeshani, hawatazamani, wala hawakai kiti kimoja, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na mama ampikie mkwewe chakula cha kumkaribisha. Kwa miaka miwili Mama Hortense alimpelekea Séraphin maneno kupitia watu, na watu wakikosekana, kupitia kuku.

Séraphin alishona siku mbili: mito miwili mbalimbali, wa mbele mweusi, wa nyuma mwekundu. Akaenda ziwani akijisifu njia nzima. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Hortense aliinama. Alipitisha mkono chini ya mito, akagusa ubao. Ulikuwa mmoja, mrefu, umebeba mito yote miwili.

"Colette," akamwambia jirani yake, "ambia ule bwana: juu iko viti mbili, chini iko kiti moya. Minye siendi."

Masikio ya Séraphin yaliwaka kwa haya. Fundi mzima! Na Émilienne kule nyumbani anahesabu siku. Akaazima msumeno kwa mchonga mitumbwi, akaukata ubao katikati huku kijiji kizima kikimshangilia. Kiti cha nyuma akakifunga peke yake juu ya chuma cha mizigo, kikitazama nyuma, na kati ya viti viwili akapigilia kisanduku cha samaki chenye kifuniko. Mama Hortense akapitisha mkono tena chini. Akatia kisandukuni unga, samaki wakavu na nguo za mtoto, akapanda.

Hawakufika mbali kisanduku kikaanza kusemeshwa.

"We kisanduku, ambia bwana yako atembee pole. Minye hapana gunia ya makala ya kupikia!"

"Kisanduku," akajibu Séraphin, akijizuia asicheke, "ambia mama tuko karibu kufika."

Kwenye kizuizi askari aliwazunguka mara mbili. "Munapeana migongo? Mumegombana?"

"Hatukugombana," akasema Mama Hortense. "Tunaheshimiana."

Askari akafunua kifuniko, akaona vile vinguo vidogo, akakipigia kisanduku saluti na kuwaruhusu wapite.

Émilienne alipomwona mama yake akishuka, alicheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alizaliwa kesho yake, msichana, mapafu yake mazima kabisa, majirani wote ni mashahidi. Wiki ilipopita, Mama Hortense akapika bukari, ugali wa kwao, na samaki wa ziwani, akamwita mkwewe ndani na kumtazama usoni. Séraphin alisahau hata kunawa mikono.

"Séraphin, mwana wangu," akasema. "Ile kisanduku, utoe. Iko naniumiza mugongo."

Alikitoa siku hiyo hiyo, akakigeuza kile kiti kitazame mbele.

Mwezi ulipokwisha akamrudisha ziwani. Safari hii mama alimshika bega na kumpigia kelele sikioni njia yote: mashimo, mwendo, mbuzi yule, mwendo tena. Na Séraphin, aliyengoja miaka miwili sauti ile imwambie yeye neno, alizidi kupunguza mwendo, ili wachelewe kufika.