Petroli Mchana wa Ramadhani

Juzi, kwenye gereji moja Usagara, nilimwona fundi akifunga geji ya kupima mkondo kwenye paipu ya mafuta. Nikakumbuka pikapu ya baba ilivyogoma kuwaka uani kwetu Makorora, mchana wa Ramadhani.

Baba alichomoa mpira wa kabureta, akapiga stata, lisitoke hata tone la petroli. Akachomoa ule unaotoka kwenye tangi. Ilibidi mtu auvute kwa mdomo, ijulikane kama njia imeziba. Baba aliutazama mpira, kisha akamtazama mama aliyekuwa akikuna nazi.

"Lete," mama alisema. Alivuta, akatema kutu, akavuta tena mpaka petroli ikamjaa mdomoni. Baba akarudisha mipira, gari likawaka.

"Mama kala kobe!" nilipiga kelele, kama tulivyowazomea watu waliokula mchana. Ilikuwa funga yangu ya kwanza. Magharibi, wakati wa kufuturu, nilikataa kukaa karibu naye mkekani, alinuka petroli.

Sikujua kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi. Baba alijua. Mama angeweza kujitetea kwa neno moja. Alinisogezea bakuli la uji, akasema, "Anza wewe, mwanangu, uliyefunga."