Kambare wa Mwezi wa Saba

Daktari alimkataza baba yangu nyama, na nikwambie ukweli, ningekuwa mimi ningegoma. Kwetu huku juu milimani Tarime, mzee mwenye ng'ombe hanyimwi nyama. Lakini miguu ilikuwa imemvimba, presha imepanda, na daktari alisema bila kuficha: ukiendelea na nyama nyekundu, huu mwaka humalizi. Kula samaki.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, hakuwahi kutia samaki mdomoni. Mboga za majani alisema ni chakula cha ng'ombe. Akabaki na ugali na maziwa, tena kidogo tu, na ndani ya mwezi mmoja shati likawa linamning'inia. Niliogopa. Nikambembeleza mpaka akachoka, akasema, "Haya. Nitakula, lakini awe wa mto wetu. Maji yale nayajua. Ya kwingine siyajui."

Mto wenyewe ni kijito tu, ukijikaza unauruka. Na ilikuwa mwezi wa saba, wakati ukungu hauondoki mpaka saa nne na maji yanauma mpaka kwenye mifupa. Kuvua nilijifunza Matongo nilipokuwa kwenye machimbo, nikifundishwa na mchimbaji mwenzangu, Msukuma. Ndoana nilikuwa nayo, nyungunyungu nikachimba nyuma ya zizi. Nikakaa pale siku tatu. Vidole vikafa ganzi, pua ikatiririka, na hakuna samaki aliyegusa chambo. Wapita njia wakanicheka, "Mura, kijana mzima, umekosa ng'ombe wa kuchunga?" Niliwajibu maneno ambayo hayaandikiki.

Siku ya nne nikafanya ujinga. Nikapanda bodaboda hadi sokoni Nyamisangura, nikanunua sato, mama akampika kwa nyanya. Nilijiambia, mtu ambaye hajala samaki maisha yake yote atajuaje? Tata alichungulia sahani, akampindua samaki kwa kidole, akaisukuma sahani pembeni.

"Nimechunga kando ya mto ule tangu sijatahiriwa," alisema. "Samaki mpana namna hii hayumo. Mle wamo wenye sharubu na wale wembamba, basi. Unanidanganya kwenye chakula, mimi baba yako?"

Lo, aibu niliyoipata! Mama alitoka nje. Tata hakula siku ile wala kesho yake, hata maziwa hakugusa, na mimi nikajua kwamba mzee akiondoka nitakuwa mimi ndiye niliyemmaliza. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akageukia ukutani.

Asubuhi iliyofuata nikachukua ndoana nikateremka mtoni. Sijakaa sawa, nikasikia fimbo ikigonga mawe nyuma yangu. Alikuwa tata, amejifunika mablanketi mawili, anahema. Ameshuka mteremko wote ule peke yake.

"Nataka kuona kwa macho yangu," akasema, akakaa juu ya jiwe.

Nikatupa ndoana palepale nilipozoea, penye maji yanayokwenda kasi. Akaniangalia kidogo, akasonya.

"Hivi wewe una akili kweli? Baridi hii, nani atasimama mahali pa kusukumwa? Hata ng'ombe anajibanza." Akanyoosha fimbo ng'ambo, kwenye mizizi ya mti, maji yalipotulia yakawa meusi. "Wanalala pale chini. Ngoja jua lipige."

Tukangoja. Jua lilipofika kwenye ile mizizi, mshipi ukavutwa, nikamtoa kambare wa urefu wa kiganja na nusu. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Tata akamchukua kwa mikono yake mwenyewe, akamgeuza, akamtazama sharubu.

"Huyu namjua," akasema.

Mama alimchemsha kwa chumvi na limau. Tata alikula polepole, akitoa miiba mmoja mmoja na kuiweka ukingoni mwa sahani. Mimi na mama tulisimama mlangoni tukimtazama. Alimaliza wote, akanywa na mchuzi, akanawa. Kisha akatukazia macho.

"Mbaya kabisa," alisema. "Hana ladha, na miiba ndiyo mingi. Kesho uniamshe mapema, twende wote."

Nikaitikia, "Sawa, tata," nikatoka haraka asije akaniona nalia.