Jeki Chini ya Vyombo vya Bi Harusi

Hiki ninachokieleza sikukisikia barazani wala sikukiota. Kilinifika mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, tumbo langu lina chapati na macho yangu mazima. Nakwambia mapema kwa sababu nawajua watu. Ukisema umeona jambo, wa kwanza atakuuliza ulilala saa ngapi, wa pili atakuuliza ulitafuna nini. Sikutafuna kitu. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aendelee na safari yake, lakini akifika anakokwenda alifungue buti la gari lake atazame ndani.

Mimi ni dereva wa gari la zamani. Gari lenyewe si langu, ni la Bi Zuhura, mjane ambaye nimepanga chumba cha chini nyumbani kwake, Mji Mkongwe. Lina rangi ya maziwa na buti la duara, na maharusi wanaligombania. Aliliacha mumewe, ambaye mimi sikumkuta. Bi Zuhura hamtaji kwa jina, humwita Baba Asha, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Maskati.

Gari hilo lina sheria moja, na sheria yenyewe iko kwenye buti. Tairi la spea linalala katika shimo lake, limekazwa kwa nati lisicheze. Jeki inasimama ubavuni, mkono wa kulia, imevishwa kipande cha kanga isigongegonge, imefungwa kwa mkanda wa ngozi ambao hata kipofu angeufungua. Spana ya magurudumu iko hapo hapo pembeni yake. Na juu ya jeki hakiwekwi kitu, hata fungu la mchicha. Kabla ya kila safari Bi Zuhura hushuka ngazi, hulifungua buti mwenyewe na kutazama.

"Baba Asha akisema jeki si ya mwenye gari," aliniambia siku ya kwanza aliponipa ufunguo. "Ni ya yule utakayemkuta njiani. Sasa utamwambia angoje utoe magunia?"

Nikaona ni wasiwasi wa utu uzima. Tulipozoeana nikawa namtania kwamba jeki ile inatunzwa kuliko mimi mpangaji wake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tunapeleka vyombo vya bi harusi Bwejuu, nyumbani kwa mume, na Bi Zuhura ndiye aliyekuwa somo, yule mwanamke wa kumfunda mwari na kumsimamia. Yeye alikuwa bado ndani anazungumza na mwari wake, huku nje mashangazi wa bi harusi wamelivamia buti. Sufuria, mikeka, mito, beseni la vikombe, vyote juu ya spea na jeki, kisha kamba, fundo juu ya fundo. Nikasema jeki isifunikwe. Mmoja wao akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Dereva, kazi yako usukani. Na vyombo hivi haviteremshwi njiani. Vikiteremshwa njiani, ndoa haifiki."

Ungefanya nini wewe? Mwanamume gani amewahi kuwashinda mashangazi wa bi harusi? Bi Zuhura akatoka mbiombio kwa kuwa tumechelewa, akaingia kiti cha mbele, na siku hiyo, siku hiyo tu, hakulitazama buti.

Tuliupita msitu wa Jozani wakati wa sala ya Ijumaa. Kama unaijua njia ile, unajua inavyokuwa saa hizo. Wanaume wote wako msikitini, mbele huoni gari, nyuma huoni gari. Tulipotoka kwenye miti na kuingia maweni, ambako ni mawe na vichaka vitupu, nikaliona gari limesimama pembeni kwenye mchanga. Nikafurahi, niamini. Lilikuwa aina ile ile ya letu, rangi ile ile, ila hilo linang'aa kama limetoka dukani jana. Nikajiuliza, nani tena kisiwani hapa ana gari kama hili na mimi nisimjue? Nilipokaribia nikaona limelala upande. Gurudumu moja la nyuma halipo, na chini yake imetokeza miguu ya mtu, imevaa makubadhi.

Nikasimamisha gari, nikashuka mbio.

"Wewe mwenye gari," sauti ikaniita kutoka chini. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, haina ukali wala haraka.

"Naam," nikaitika. Tumelelewa hivyo, ukiitwa unaitika. Laiti ningekaa kimya.

"Nlifuata nati iliyoingia chini, jeki ikazama mchangani, gari likanishukia kifuani. Nlikuwa nnaomba jeki yako, kama si usumbufu."

Mtu ana gari kifuani, anaomba radhi kwa usumbufu. Nikarudi kwenye buti nikalivuta fundo la kwanza. Halikutaka. Nikatumia kucha, nikatumia meno, kisu sina. Bi Zuhura akatoa kichwa dirishani.

"Kuna nini, mwanangu? Mbona tumesimama?"

"Kuna mtu kabanwa na gari, Bi. Anataka jeki."

"Mtu yupi? Gari lipi?"

Nikadhani jua limemuumiza macho. Fundo likaachia, nikaanza kuteremsha sufuria za watu mchangani, na mashangazi wanilaani wanavyotaka. Muda wote huo yule chini ya gari alikuwa akisema nami, taratibu, akisita kila anapovuta pumzi. Aliniuliza kama natoka mjini. Akasema jua la leo kali. Akanipa pole ya kazi. Nami najibu kwa sauti, "Nakuja, mzee wangu, nakuja," na kila ninapotoa sufuria moja naona nyingine chini yake.

Bi Zuhura akateremka. "Unazungumza na nani?"

"Naye. Kwani humsikii?"

"Sisikii kitu. Anasemaje?"

Hapa ndipo mdomo wangu uliponiponza. Huku naung'ang'ania mkeka, nikamwambia kila neno kama nilivyolisikia: kwamba gari limemlalia kifuani, kwamba jeki yake imezama, kwamba anaomba yetu, kama si usumbufu.

Bi Zuhura akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, na jua lile.

"Rudia," akasema. "Rudia vile vile alivyosema."

Nikarudia. Hakuuliza tena gari lipi. Somo mzima na buibui lake akajitosa kwenye buti pamoja nami, akawa anarusha mito ya bi harusi barabarani. "Mwambie angoje. Mwambie nipo. Mwambie Mama Asha yupo."

"Mama Asha yupo, mzee," nikapaza sauti.

Hilo hakulijibu. Nafikiri hakuwa akisema nasi hata kidogo, alikuwa akisema na yeyote ambaye angepita siku yake ile. Sauti ilikuwa imepungua sana. "Basi, mwanangu, nnakuchelewesha bure. Nenda kasali."

Nikaufikia mkanda wa ngozi, jeki ikaingia mkononi. Nikageuka. Mbele yangu palikuwa na mchanga na vichaka, hapana gari, hapana hata alama ya gurudumu.

"Kasema nini mwisho?" Bi Zuhura akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia.

Akaketi juu ya mto wa bi harusi, pale pale pembeni mwa barabara. Ndipo nilipojua mumewe alifia wapi na alikufaje. "Waliomkuta walitoka kusali Ijumaa," akasema. "Wakaniapia kafa papo hapo, hakuhisi kitu. Nyumbani kwake mwenyewe, hata maji ya kunywa akiniomba, alisema kama si usumbufu. Miaka yote hii nnalala kwa neno hilo, papo hapo. Kumbe alikuwa anasema. Kumbe alikuwa anangoja mtu."

Unamjibu nini mtu hapo? Nilianza kuokota vikombe.

Vyombo vilifika Bwejuu vina mchanga, na ndoa ile, kama unataka kujua, ipo mpaka leo na mtoto juu. Aliyeharibikiwa ni Bi Zuhura. Chumba chake kiko juu ya changu, na tangu siku ile nikawa nasikia nyayo zake usiku, huku na huku, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi ananiuliza kama sauti ilikuwa na maumivu. Nasema hapana. Kesho yake anauliza tena. Anauliza kama aliomba maji. Usingizi nilioutoa kwa mdomo wangu nilishindwa kuurudisha kwa mdomo ule ule.

Kisha akataka niwe nampeleka. Kila Ijumaa, wakati wa sala, naegesha pale pale. Mimi nasali adhuhuri yangu nyumbani tukirudi, na Mungu anisamehe. Yeye anakaa kiti cha mbele, jeki mapajani, ameivua kanga yake, tayari. Anasikiliza, kisha ananigeukia. "Vipi?" Ijumaa nyingi hapakuwa na kitu ila upepo, nami nikimwambia kweli: kimya, Bi.

Ijumaa iliyopita nilimsikia.

"Wewe mwenye gari." Karibu, upande wangu wa dirisha. "Nlikuwa nnaomba jeki yako, kama si usumbufu." Nikatazama nje. Gari hakuna, miguu hakuna, mchanga mtupu. Jeki tunayo, iko wazi, haina hata uzi juu yake. Tungeiweka chini ya nini? Bi Zuhura alikuwa ananitazama usoni.

"Vipi, mwanangu?"

"Kimya, Bi," nikasema. "Kimya kabisa."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi kapumzika." Akaivisha jeki kanga yake, akaenda kuifunga mwenyewe mahali pake. Nilipowasha gari, mzee alikuwa bado anaomba radhi kwa kunichelewesha.

Usiku ule sikusikia nyayo juu. Bi Zuhura sasa analala. Asiyelala ni mimi.

Basi wewe uliyenisikiliza, nenda kaifunge jeki yako pahali mkono unapofika, na usiruhusu mtu aifunike, hata kwa vyombo vya binti wa mfalme. Na ukiitwa njiani mchana mtupu kwa sauti ambayo mwenzako haisikii, toa jeki, toa ulicho nacho, fanya uwezalo. Lakini uliye naye akikuuliza anasemaje, mwambie kimya.